Jinsi ya kutafuta chombo cha muziki cha kwenu kwa makumbusho, kuanzia Museum Hill mpaka Ulaya

Mjomba wangu anakaa Kariobangi, lakini ujana wake aliumalizia Siaya akipiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, kwa matanga. Siku moja nilimwonyesha kwa simu picha ya nyatiti iliyo kwa makumbusho fulani huko Ulaya, lebo yake ilikuwa fupi sana, kinubi, mbao na ngozi, Kenya, basi. Akachukua simu, akavuta picha ikawa kubwa, akaishusha polepole mpaka kwa ule mkono wa chini wa nyatiti, akaniambia, "Okewa," ndivyo Mjaluo anamwita mtoto wa dada yake, "huyu alikuwa fundi kweli kweli. Ona hapa pamelika na oduong'o." Oduong'o ni ile pete nzito ya chuma ambayo mpigaji anavaa kwa kidole gumba cha mguu, anagonga nayo huo mti wa chini huku vidole vya mikono viko kwa nyuzi na njuga za gara ziko kwa kifundo cha mguu. Kwa picha kulikuwa na kovu kama kijibonde, laini, mahali pamoja tu. Nikampa picha ya pili, nyatiti nyingine, safi, inameta. Akaiangalia kidogo akanirudishia simu. "Hii haijapigwa ata siku moja. Hii mtu alitengenezewa aende nayo kwao."

Hakuna lebo ilikuwa imesema hivyo. Makumbusho wanajua nani aliwapatia hicho kitu na mwaka gani, lakini mzee wa Kariobangi ndiye anajua kama kilipigwa. Toka hiyo siku nimekuwa nikifuatilia vyombo vya muziki vya huku kwetu popote viko, na nataka nikuonyeshe njia ninayotumia, kwa sababu haihitaji digrii, inahitaji simu, bando, na mtu mzima mmoja wa kwenu ambaye bado anakumbuka.

Anza na huyo mtu, usianze na intaneti

Najua mkono unakimbilia simu kwanza. Ngoja. Tafuta kwanza nyanya, guka, mwalimu wa zamani wa kwaya, mtu yeyote aliyeona hicho chombo kikitumika, na umuulize jina lake kwa lugha ya kwenu. Usikomee jina la chombo chote, uliza majina ya sehemu zake, ni mti gani ulikuwa unakatwa, ngozi ilikuwa ya mnyama gani, nyuzi zilitengenezwa na nini, kilipigwa wakati gani na nani hakuruhusiwa kukigusa. Mrekodi kwa simu, usiandike peke yake, maana matamshi ndiyo yatakusaidia baadaye ukikutana na jina ambalo mzungu wa 1905 aliliandika venye alilisikia.

Halafu uliza majirani wanakiitaje. Hapa ndipo watu wengi hupotezea njia. Uzi mmoja unaopigwa kwa upinde, Wajaluo wanauita orutu, Waluhya wana shiriri, Wakikuyu wana wandindi, na kwa Kiswahili wote tunasema zeze na tunaendelea na safari. Vile vinubi vya mikono miwili navyo, Mbukusu ana litungu, Mkuria ana iritungu, Mgusii ana obokano ambayo ni kubwa na sauti yake iko chini kabisa, Mjaluo ana nyatiti ya nyuzi nane. Mtu aliyeandika lebo alichukua jina moja kati ya haya na kulipatia chombo cha jirani mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa hivyo ukiyajua yote una funguo nyingi mkononi.

Zoesha macho hapa hapa Nairobi

Nenda Nairobi National Museum, ile ya Museum Hill, panda matatu za Westlands ushukie hapo ama utembee kutoka Globe kama jua si kali. Hilo jengo lilifunguliwa 1930 likiitwa Coryndon, na baada ya ukarabati mkubwa likafunguliwa tena 2008. Weka pesa kwa simu kabla hujafika. Usitegemee kupata chumba kimoja kimeandikwa muziki, kwa sababu kule ndani kuna sehemu imepangwa kwa safari ya maisha ya mtu, kuzaliwa, ujana, utu uzima na kuendelea, na mimi napenda huo mpangilio kwa sababu ngoma ya kwetu haikuwa kitu cha kukaa peke yake ikisubiri konsati, ilikuwa na siku yake na shughuli yake. Ukiona chombo chochote cha sauti, jiulize kwanza, kimewekwa karibu na nini?

Ukiwa tauni, ingia pia Kenya National Archives. Ndiyo, pale pale watu hupatana kila siku na hawaingii. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa hii nchi, mtu aliyekusanya vitu vya Afrika kwa mapenzi kabisa. Zunguka hapo uangalie mbao, ngozi na chuma vinazeeka aje, hayo macho utayahitaji.

Na kabla hujaangalia kitu kimoja kimenyamaza kwa kioo, sikia kingine kikipigwa. Bomas pale Lang'ata wamekuwa na ngoma za makabila tangu miaka ya 70, piga simu uulize ratiba kwanza kwa sababu kuna ujenzi mkubwa. Ama tafuta mpigaji karibu nawe, Nairobi wako wengi. Kaa karibu na miguu yake, usikae mbele ya mikono tu. Mtu ambaye hajaona mguu wa mpigaji nyatiti hawezi kujua ni nini kinakosekana kwa kabati.

Sasa, kuangalia kwenyewe

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo kila kitu kiko. Simama mbele ya chombo, usisome lebo. Lebo ni ya mwisho. Tafuta mahali mwili wa binadamu uliguza. Filimbi kama chivoti ya Wadigo inapulizwa kwa ubavu, kwa hivyo angalia tundu la mdomo kama kingo zake zimekuwa laini na nyeusi kuliko sehemu nyingine, halafu matundu ya vidole, kama yote yamelainika ama ni mawili matatu tu ndiyo yalikuwa yanatumika. Kayamba inashikwa kwa mikono miwili, tafuta mahali matete yamepata rangi ya jasho huku na huku. Ngoma iliyopigwa kwa mkono ngozi yake inaiva na kuwa nyeusi mahali kiganja kilikuwa kikitua, iliyopigwa kwa fimbo ina vidonda vidogo vidogo. Na nyatiti, nimeshakuambia, angalia mkono wa chini.

Baada ya hapo angalia nyuzi. Zamani nyatiti ilifungwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ile ya kuvulia samaki. Nailoni ilianza kuuzwa duniani mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa hivyo ukiona chombo kimeandikwa kiliingia makumbusho 1910 na kina nyuzi za nailoni, kuna mtu alikifunga upya, na yawezekana alikifunga kwa kubahatisha. Hesabu nyuzi. Hesabu pia alama za nyuzi kwa ule mti wa juu, maana nyuzi zinaweza kuwa tano na alama zikawa nane, na hizo tatu zilizopotea ndizo habari. Angalia ule mkongojo mdogo unaobeba nyuzi juu ya ngozi, kwa nyatiti unatengenezwa na vipande vya matete vinavyogandishwa na nta, ndiyo inaleta ule mlio wa kukwaruza kama nyuki wako ndani. Matete yakianguka na nta ikikauka, chombo kinabaki na umbo lake lakini sauti yake imeenda, na kwa kabati hutajua kama hukuambiwa.

Angalia ngozi imeshikwa na nini, vijiti vya mbao, kamba, ama misumari ya dukani. Angalia kama kuna mahali palipasuka pakashonwa, mimi hiyo huwa inanigusa sana kwa sababu hakuna mtu anashona kitu asichokipenda. Kwa orutu ya zamani kile kigoma kidogo kilifunikwa ngozi ya kenge, na magamba utayaona ukisogeza macho.

Na mwisho jiulize ni nini hakipo. Nyatiti bila oduong'o na gara na kile kistuli kifupi cha mpigaji ni nusu ya nyatiti. Zeze bila upinde ni nini? Wakusanyaji wa zamani walichukua kile kilichoonekana kama "chombo" na kuacha vingine kwa boma, ama walivichukua vyote vikaishia kwa droo tofauti, njuga zimeandikwa mapambo ya mguu, pete ya chuma imeandikwa pete. Nimeshakuta hivyo. Kwa hivyo ukitafuta nyatiti tafuta pia njuga na pete za chuma za watu hao hao zilizoingia mwaka huo huo.

Kitu kimoja cha usalama, ukibahatika siku moja kuingizwa stoo ya makumbusho: usiweke filimbi ama pembe ya zamani mdomoni, ata kama umeruhusiwa kuishika. Miaka mingi vitu vya mbao na ngozi vilikuwa vinapakwa aseniki na sumu nyingine za kuua wadudu, na sumu ya aina hiyo haiishi haraka. Vaa glovu na unawe mikono ukitoka.

Lebo na zile namba

Makumbusho mengi yanapanga vyombo kwa mafungu manne: vinavyolia vyenyewe mwili mzima kama kayamba na njuga, vya ngozi kama ngoma, vya nyuzi, na vya kupuliza. Mfumo huu uliandikwa 1914 na Erich von Hornbostel na Curt Sachs, na una namba kama za vitabu vya laibrari. Vinubi vyetu vya mikono miwili vinaanzia 321.2, ngoma za kupigwa 211, filimbi 421, pembe na siwa ziko 423. Ukizijua hizo namba unaweza kusachi katalogi ya Kijerumani bila kujua Kijerumani.

Na ujue huo mpangilio ulianza aje. Wazungu walizoea kugawa vyombo vyao kwa njia iliyotosha okestra yao, ilipofika vya watu wengine ikakwama. Mwaka 1876 Sourindro Mohun Tagore wa Calcutta alimpelekea mfalme wa Ubelgiji mkusanyo wa vyombo vya Kihindi, vikaingia makumbusho ya muziki ya Brussels, na Victor-Charles Mahillon aliyekuwa akiitunza ndiye akatengeneza katalogi ya mafungu manne ambayo Hornbostel na Sachs walijengea juu yake. Wahindi walikuwa na mafungu manne yao tangu zamani sana, yako ndani ya Natya Shastra, kitabu chao cha kale cha muziki na maigizo. Mimi hii naisema kila mara kwa sababu watu wanadhani akili yote ya makumbusho ilitoka upande mmoja.

Namba ya usajili ya chombo chenyewe ni kitu tofauti. Mara nyingi inaanza na mwaka ambao kitu kiliingia makumbusho, SIYO mwaka kilitengenezwa wala mwaka kilichukuliwa. Mfano mkubwa kabisa ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana: maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua 1902, ikaingia British Museum 1908. Hiyo miaka sita katikati haionekani kwa namba. Kwa hivyo ukiona mwaka, uliza ni mwaka wa nini.

Kusachi, na majina ya zamani

Sasa fungua laptopu. Ukiandika "nyatiti" utapata kidogo, ukiandika "Luo" utapata zaidi kidogo, halafu utadhani vimeisha. Havijaisha. Vimeandikwa kwa majina ambayo sisi hatutumii tena na mengine yanaudhi kuyasoma, lakini yaandike tu kwa sababu ndiyo mlango.

"Kavirondo" ndilo la kwanza, waliliita eneo lote la ziwa hivyo, Wajaluo na Waluhya wakawekwa ndani ya gunia moja. Kipsigis waliitwa "Lumbwa". Wapokot waliitwa "Suk". Mijikenda wote waliitwa "Wanyika". Okiek waliitwa "Dorobo". Wakamba jaribu "Wakamba", "Akamba" na ile ya kutenganishwa na kistari. Abagusii tafuta "Kisii" na pia "Kosova". Jina la nchi nalo, kabla ya 1920 hakukuwa na Kenya Colony, kulikuwa na "British East Africa" na "East Africa Protectorate". Na hii hapa wengi hawaijui kabisa: mpaka 1902 magharibi ya Kenya yote ilihesabiwa Uganda. Kwa hivyo litungu ama nyatiti iliyobebwa 1899 iko chini ya Uganda mpaka leo kwa katalogi nyingi, na mtu wa Kakamega anayesachi Kenya hataiona. Pwani jaribu "Witu", kwa sababu Wajerumani walikuwa pale mpaka 1890. Wakuria watafute pia kwa "Deutsch-Ostafrika", yaani Tanganyika ya wakati wa Wajerumani, maana mpaka uliwakata katikati.

Kwa upande wa neno la chombo, usitegemee jina sahihi. Nyatiti imeandikwa "harp", imeandikwa "guitar", imeandikwa "lyre", na hiyo ya mwisho ndiyo sahihi kwao: kama nyuzi zinashikwa na mti wa juu uliobebwa na mikono miwili na zinapita juu ya ngozi bila kuinuka, hiyo ni lyre. Kwa Kijerumani andika "Leier" kwa lyre na "Trommel" kwa ngoma, kwa Kifaransa ngoma ni "tambour".

Mahali pa kuanzia: katalogi za British Museum, Horniman ya London na Pitt Rivers ya Oxford ziko wazi kwa intaneti. MIMO imeunganisha makumbusho mengi ya vyombo vya muziki mahali pamoja, utapata makumi ya maelfu ya vyombo kwa sachi moja, na Brussels iko humo. Metropolitan ya New York ina mkusanyo mkubwa ulioanza 1889 kwa zawadi za mama mmoja, Mary Elizabeth Brown, na picha nyingi za Metropolitan tangu 2017 unaruhusiwa kuzichukua na kuziprinti bure bila kuomba mtu, hii ni muhimu kwa wale wanataka kuwapelekea wazee picha kubwa ya karatasi badala ya simu. Pitia pia kazi ya International Inventories Programme, ambayo National Museums of Kenya na wasanii wa hapa walifanya pamoja na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, waliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo nje, na 2021 wakafanya maonyesho hapa Museum Hill yenye makabati matupu. Mimi nilisimama mbele ya kabati tupu moja na sikuweza kusonga.

Kila ukipata kitu, chukua skrinishoti yenye namba ya usajili ndani. Picha bila namba utaipoteza. Mimi nina folda moja kwa kila chombo, na jina la faili ni ile namba.

Kwa nini viko huko

Nitapita haraka. Vingine vilinunuliwa, vingine vilipewa kama zawadi, vingine wamishonari waliwanyang'anya waumini wapya, vingine vilibebwa na jeshi. Halafu kukawa na maonyesho makubwa, London 1885, Paris 1889 ambapo gamelan ya Java, okestra yao ya gongo na vyombo vya kugonga, ilipigwa na wapigaji wenyewe mbele ya umati, na makumbusho yakawa yanataka vitu zaidi na zaidi. Pitt Rivers, iliyoanzishwa 1884, ilipanga vitu kwa aina, kutoka kile walichoona ni rahisi mpaka kile walichoona ni kigumu, na unaweza kubahatisha vya kwetu viliwekwa upande gani. Ukijua hivyo, ukisoma lebo ya zamani inayosema "kinanda cha kishamba" unajua ni mpangilio ndio unaongea. Huyo aliyeiandika hakuwahi kujaribu kutuni obokano.

Vitu ambavyo havifai kuonwa na kila mtu

Siyo kila chombo ni cha starehe. Siwa za pwani, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilikuwa alama ya utawala, hazikupulizwa ovyo ovyo, zilikuwa na watu wake na siku zake. Ngadji ilikuwa zaidi ya hapo, ilikuwa moyo wa utawala wa Wapokomo, na imekaa stoo ya London zaidi ya miaka mia moja bila kuwekwa kwa maonyesho. Mwaka 2016 watu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo waliruhusiwa kuingia kuiona. Waliiona, wakaiacha pale. Sheria ya Uingereza ya 1963 inaizuia British Museum kutoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache sana. Ufaransa nako, ngoma kubwa ya Djidji Ayôkwé ya Côte d'Ivoire, iliyochukuliwa 1916 na yenye uzito wa kilo 430 hivi, bunge lao lilipitisha sheria maalum 2025 ndiyo iweze kurudi. Kwa hivyo inawezekana, ni watu kuamua.

Kwako wewe unayesachi usiku na simu, sheria yangu ni hii. Ukipata kitu ambacho mzee anakuambia hakikuonwa na watoto, ama na wanawake, ama na wageni, usikiposti. Mwonyeshe mwenye haki ya kukiona, peke yake, na umwache aamue. Mara moja mzee mmoja alinirudishia simu akaniambia funga hiyo kitu, nikaifunga, na picha hiyo nimeifuta.

Tafuta na sauti yake

Chombo bila rekodi ni mbao. Hugh Tracey alikuja Kenya 1950 na mashine ya kurekodi, akazunguka vijijini, na kazi yake iko kwa maktaba inayoitwa ILAM huko Afrika Kusini, aliyoianzisha 1954. Unaweza kuwaandikia. Berlin nako kuna Phonogramm-Archiv tangu 1900, mitungi ya nta, ndiyo walirekodia sauti zamani, kutoka sehemu nyingi za dunia, na Hornbostel, yule yule wa namba, ndiye aliisimamia. Ukipata rekodi na chombo cha watu wa mahali pamoja na miaka inayokaribiana, viweke pamoja, mpe mzee heafoni, halafu kaa kimya. Usimuulize swali mpaka wimbo uishe.

Kuwaandikia

Watu huogopa hapa na hakuna cha kuogopa, huko ndani kuna binadamu na wengi wao wanataka kusaidiwa. Andika emeili fupi. Weka namba ya usajili kwa mstari wa kwanza kabisa, halafu sema kile unajua, nani amekuambia, na kwamba amekubali jina lake litajwe ama hakukubali. Halafu uliza maswali matatu tu: faili ya hiki kitu ina nini zaidi ya lebo, nani alikileta na kutoka kijiji gani, na kuna vitu vingine vilivyoingia naye siku hiyo? Omba picha ya upande wa nyuma na wa chini, kwa sababu katalogi huonyesha mbele tu.

Kuna makumbusho moja ilikuwa imepiga picha ya nyatiti ikiwa juu chini, kigoma kikiwa juu na mikono ikiangalia sakafu, na jina lilikuwa "kinubi" peke yake. Nikawaandikia na maneno ya mjomba ndani. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi, nikaandika tena kwa upole, na mwezi wa nne wakajibu. Picha ikageuzwa. Jina nyatiti likaingia, na oduong'o ikaandikwa kama kitu kinachokosekana. Nilimpelekea mjomba skrinishoti akaisoma mara mbili, halafu akaniuliza kama wanaweza kutumiwa nyuzi mpya.

Na ile iliyo kwenu

Ukimaliza yote haya utarudi nyumbani uangalie kile kitu kimening'inia kwa ukuta wa nyanya kwa macho mengine. Usikipake vanishi. Usikioshe. Legeza nyuzi kidogo kama hakipigwi, ziache zisivute mbao. Kitoe kwa jua la dirisha na kwa unyevu wa sakafu, angalia unga mweupe chini yake kila mwezi, huo ni wadudu. Kama bado kinapigwa, kipigwe.

Halafu chukua karatasi na penseli, kalamu ya wino inafifia, uandike jina la chombo, kijiji, mti, ngozi, kilipigwa kwa shughuli gani. Andika pia jina la aliyekitengeneza. Karibu kila kadi niliyoisoma ya vyombo vyetu kule nje ina jina la aliyekichukua na jina la aliyekipeana, na pale pa fundi wameacha wazi. Uliza leo, mpigie shangazi yako simu, kuna mtu bado anakumbuka ni nani alikata huo mti. Ukipata hilo jina, liandike kwanza, juu kabisa ya karatasi, na ufunge karatasi na uzi kwa ule mkono wa juu, mahali mguu haufiki.